Robo Karne ya TANROADS, Ikitazamwa Kutoka Kivukoni

Kivukoni ni jina linalojieleza: ni mahali pa kuvukia. Alfajiri, pantoni inapolaza mlango wake ufukweni, umati wa Kigamboni unamiminika mjini. Wamo walimu, makarani wa wizara, mama ntilie na masufuria yao, vijana wanaosukuma pikipiki zilizobeba mchicha. Madalali wa Soko la Feri wamekwisha kuanza mnada wa samaki, na mbele kidogo mabasi ya mwendokasi yanageuza kurudi Kimara. Barabara inaishia hapa. Lami iliyoanzia Tunduma, mpakani na Zambia, au Rusumo, mpakani na Rwanda, inakuja kukatika hatua chache kutoka majini, na mwenye safari analazimika kusimama amsubiri nahodha.

Julai 2025 Wakala wa Barabara Tanzania, ambao kila mtu anauita TANROADS, ulitimiza miaka 25. Tumechagua kuutazama tukiwa tumesimama Kivukoni, kwa sababu mtu aliyewahi kusubiri pantoni anajua, bila kufundishwa darasani, mhandisi wa barabara ana faida gani katika nchi.

Wakala ulianza kazi Julai 2000. Kabla ya hapo Wizara ya Ujenzi ilikuwa mtunga sera, mjenzi na mkaguzi kwa wakati mmoja, na fedha za matengenezo ziligombaniwa na kila dharura iliyobisha hodi Hazina. Barabara ilijengwa kwa mkopo, ikazinduliwa kwa ngoma, kisha ikaachwa na mvua. Baada ya miaka kadhaa ukatafutwa mkopo mwingine wa kuijenga upya. Mfuko wa Barabara, uliotungiwa sheria 1998, uliikata hadithi hiyo katikati: tangu hapo kila lita ya petroli inayouzwa Msimbazi au Sumbawanga ina shilingi za barabara ndani yake. TANROADS ikawa chombo cha kuzitumia shilingi hizo kwenye barabara kuu na za mikoa, mtandao ambao sasa umepita kilomita 36,000. Barabara za mitaa na vijijini zilikabidhiwa TARURA ilipoundwa 2017.

Hayo ni maelezo ya kisheria, na jubilei haiwezi kuishi kwa sheria peke yake. Chombo cha umma ni watu wake. Kwa hiyo nafasi kubwa ya tahariri hii tunampa mtu mmoja.

Patrick Mfugale, mzaliwa wa Iringa, aliingia Wizara ya Ujenzi miaka ya 1970, akiwa kijana ambaye bado hajapata shahada. Shahada ya uhandisi aliifuata Roorkee, India. Chuo hicho kilianzishwa 1847, enzi za Waingereza, kwa sababu Mfereji wa Ganges ulikuwa unachimbwa na hapakuwa na watu wa kutosha wenye ujuzi wa kuusimamia. Chuo kilizaliwa na kazi iliyokuwa ikisubiri nje ya mlango, na tunadhani kilimfaa mtu wa aina yake. Baadaye aliongeza shahada ya uzamili Loughborough, Uingereza. Lakini kabla ya vyuo hivyo, katikati yake na baada yake, alikuwa kazini, kwenye mito.

Kwa miaka mingi alikuwa ndiye mtu wa madaraja, kwanza wizarani na kisha TANROADS, mpaka alipoteuliwa kuwa Mtendaji Mkuu 2011. Alikaa katika kiti hicho miaka kumi, mpaka alipofariki dunia Dodoma tarehe 29 Juni 2021. Madaraja aliyoyasanifu au kuyasimamia katika utumishi wake, makubwa na madogo, yamepita elfu moja. Msomaji atulie kidogo juu ya hesabu hiyo. Mengi kati ya hayo hayana jina. Ni daraja la mita kumi na mbili juu ya kijito ambacho miezi tisa ya mwaka ni mchanga mtupu, na miezi mitatu inayobaki kinamzuia mjamzito kufika zahanati.

Tumezoea kudhani kwamba huduma kwa jamii ni kile mtu anachofanya baada ya saa za kazi: mchango wa kanisa au msikiti, madawati ya shule ya kijijini, ujumbe wa kamati. Ni mambo mema na tunayaheshimu. Kwa mtumishi kama Mfugale, huduma ilikuwa kazi yenyewe, kwa miaka zaidi ya arobaini, kwa mwajiri mmoja, ambaye ni umma. Mhandisi wa kiwango chake angeweza kuiacha serikali na kujenga utajiri wake upande wa pili wa meza, kwa wakandarasi wanaosaini mikataba. Yeye alibaki upande wetu.

Tarehe 27 Septemba 2018, Rais John Magufuli alipozindua daraja la juu la makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, pale TAZARA, alilipa jina la Mfugale. Watu wengi bado hupaita TAZARA, mazoea hayana haraka ya kufa. Hata hivyo jina lile ni jambo geni katika historia yetu na linastahili kuangaliwa vizuri. Orodha ya madaraja yetu makubwa inasomeka kama orodha ya marais. Rufiji lipo la Mkapa, mita 970, lililofunguliwa 2003. Malagarasi lipo la Kikwete. Pale Kurasini lipo la Nyerere, mita 680, linaloingia Kigamboni tangu Aprili 2016. Ghafla katikati ya wakuu hao wa nchi anatokea mtumishi wa umma aliye hai, anayeripoti ofisini kila asubuhi, na jina lake linawekwa kwenye zege. Miaka miwili na miezi kadhaa baadaye, Februari 2021, makutano ya Ubungo nayo yakapewa jina la John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki siku chache kabla, naye pia mhandisi wa ujenzi. Tunaona katika majina hayo mawili heshima iliyochelewa kwa taaluma nzima.

Na kuna tarehe nyingine iliyo karibu na ile ya TAZARA, ambayo hatuwezi kuiruka. Tarehe 20 Septemba 2018, wiki moja kabla ya uzinduzi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa, wengi wakitoka gulioni. Ndani ya wiki moja nchi ilizika watu wa kivuko na kukata utepe wa daraja. Si kila maji yanaweza kuwekewa daraja, na Ukara ni kisiwa. Ila mtu wa Kivukoni, anayepanda pantoni kila siku na kuwahesabu kwa macho walioingia kabla yake, alizisikia habari zile mbili kama habari moja.

Wasafiri wa Kusini wa umri wetu wanaikumbuka Ndundu. Basi la Lindi au Mtwara lilifika ukingo wa Rufiji, likajiunga na mstari wa malori, na kila mtu akashuka kusubiri kivuko. Ukiwa na bahati ulivuka mchana. Masika yakichacha, ulilala hapo, na baada ya kuvuka, matope ya kuelekea Somanga yalikungoja. Korosho zilichelewa bandarini na chumvi ikapanda bei vijijini, wagonjwa wa rufaa wakalazwa chini ya miembe. Daraja la Mkapa liliondoa mto, kisha ikachukua zaidi ya miaka kumi kuondoa matope ya Ndundu hadi Somanga. Mfugale alikuwepo katika hatua zote mbili. Mei 2010, kusini zaidi, Daraja la Umoja lenye mita 720 likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, jambo lililoahidiwa na viongozi wa kizazi cha uhuru na kutimizwa na wajukuu wao.

Sasa tuondoke majini tuingie Kariakoo, mahali ambapo barabara zote za nchi hii hupimwa bila vifaa. Nyanya za Ilula zikifika zimepondeka, dalali anajua kuna mahali lami imekatika. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vikichelewa siku mbili, bei inapanda kabla redio haijasema kitu. Machungwa ya Muheza yalikuwa yakisubiri zamu kwenye daraja la zamani la Wami, lenye upana wa gari moja na mteremko wa kutisha pande zote mbili. Tangu daraja jipya lifunguliwe, madereva wa fuso hawaitaji tena Wami kwa sauti ya chini. Mwanamke anayenunua tenga moja na kulipeleka Tandale kwa bajaji hajui jina la mhandisi wala halazimiki kulijua. Yeye anajua bei tu, na ndani ya bei hiyo mhandisi yumo.

Lakini Kariakoo pia ndipo panapoanzia ugonjwa mmoja wa barabara zetu. Kila mfanyabiashara anaijua lumbesa, gunia lililojazwa likapita kipimo, likashonewa kilemba juu. Mkulima ananyonywa kwa lumbesa, tunapiga kelele, na ni haki. Lori lililozidisha uzito nalo ni lumbesa, na anayenyonywa ni barabara. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia Machi 2019, inataka ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10 na gari zima lisizidi tani 56. Wako wanaoona hayo ni usumbufu wa mizani ya Vigwaza na Mikese. Hebu wasikie hesabu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walijenga barabara za majaribio Illinois, wakazipitishia malori usiku na mchana kwa karibu miaka miwili. Walichokipata ndicho wahandisi wa dunia nzima wanachokitumia mpaka leo: madhara kwa lami hayaongezeki sawa na uzito, yanaongezeka kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 inaiumiza barabara zaidi ya mara mbili. Tani mbili za faida ya mtu mmoja zinakula nusu ya umri wa barabara ya watu wote. Kijana anayekesha kwenye mizani ile, akitukanwa na matingo na kushawishiwa na matajiri, analinda mali yetu, na katika jubilei hii tunamtaja kwa heshima sawa na mbunifu wa daraja.

Ukaguzi ndio moyo wa kazi hii, na ndio usioonekana. Mto haubomoi daraja kwa kulisukuma tu. Maji yanapoigonga nguzo huzunguka, yakashuka chini kama keekee, yakachimba mchanga ulioushikilia msingi. Juu magari yanapita kama kawaida, na chini shimo linakua. Mwenye kuliona ni mtu aliyeshuka bondeni kiangazi na kamba, kalamu na daftari, akapima, akaandika, akarudi mwaka uliofuata kupima tena. Madaraja yana mipira ya kubebea boriti inayozeeka, maungio yanayoziba kwa mchanga, mifereji inayomeza takataka. Kila moja linahitaji faili lake kama mgonjwa. Hii ndiyo kazi ambayo kitengo cha madaraja kiliijenga kwa miaka mingi, na kwa maoni yetu ndiyo urithi mkubwa zaidi wa Mfugale, kuliko zege lolote. Kariakoo inajua bei ya kutokagua: tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka mchana kweupe katikati ya maduka, likaua zaidi ya watu 25. Halikuwa kazi ya TANROADS. Tunalitaja kwa sababu mtaa ulioomboleza vile hauhitaji kuelezwa tena kwa nini mkaguzi anapaswa kuogopwa.

Sifa zisizo na ukweli hazimheshimu anayesifiwa, kwa hiyo tunasema na hili. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9 kutoka Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, ilibadilisha maisha ya mji kuanzia Mei 2016. Miundombinu yake ilijengwa chini ya usimamizi wa TANROADS, na kwa abiria aliyezoea saa mbili za foleni ya Morogoro Road, ilikuwa kama amefunguliwa mlango. Lakini pale Jangwani njia inapita kwenye tumbo la Mto Msimbazi, na karakana ya mabasi ikawekwa humohumo bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, barabara inafungwa, mabasi yanaogelea, na Kariakoo inakatika na Magomeni kana kwamba tumerudi enzi za mitumbwi. Mto ulikuwepo kabla yetu na wazee wa Magomeni walijua unafika wapi. Leo daraja jipya, refu na lililoinuliwa, limeingizwa katika mradi wa Bonde la Msimbazi. Tunaliomba liwe la mwisho kufundishwa na mafuriko. Upungufu wa mabasi wenyewe ni deni la wengine, na abiria wanaosukumana vituoni wasiubebeshe Wakala lawama isiyo yake.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Lindi ilikatika Somanga na mahali pengine, makalavati yakang'olewa kama meno ya mtoto. Kwa siku kadhaa Kusini ilikuwa kisiwa tena. Tulipita Kariakoo siku zile tukaona wauza nazi wakitazama simu zao kuliko mizani zao. Kule, wahandisi na mafundi walilala barabarani, waziri akiwa pamoja nao, mawe yakashushwa, magreda yakafanya kazi kwa taa usiku kucha, mpaka magari yakapita. Mfugale alikuwa amekufa karibu miaka mitatu. Wakala ulikuwa umekwisha kupita mkononi mwa Rogatus Mativila na kufika kwa Mohamed Besta, na kazi ilikwenda. Kwetu sisi, siku zile za Somanga ndizo zilizokuwa sherehe ya kweli ya jubilei, kabla ya maturubai na fulana. Chombo kilichojengwa na mtu mmoja hufa naye. Hiki kiliamka usiku kikaenda matopeni.

Yapo mawili makubwa ambayo Mfugale aliyaanza na hakuyaona yakitumika. La kwanza ni Daraja la Tanzanite, lenye kilomita moja na kidogo juu ya bahari, ambalo tangu 2022 limepunguza msongamano wa Daraja la Selander kwa wanaotoka Masaki kuja katikati ya mji. La pili ni la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lenye jina la Magufuli. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025, siku kumi na mbili kabla ya Wakala kutimiza miaka 25. Waliolivuka kwa miguu siku ile walikuwa watu wa kivuko, kama wa kwetu Kivukoni, na wengi walisimama katikati wakatazama chini, mahali walipokuwa wakisubiri.

Tuna ombi moja kwa Wakala. Kwenye kila daraja, hata lile la mita kumi na mbili, kiwekwe kibao kidogo chenye mwaka lilipojengwa, urefu wake, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na majina ya mhandisi na fundi sanifu waliolisimamia. Mwanafunzi anayetembea kwenda shule alisome. Mzee alimwonyeshe mjukuu. Mkaguzi anayekuja baadaye ajue anamrithi nani, na mjenzi ajue jina lake litabaki pale mvua ikija. Pale TAZARA jina lipo tayari. Bajeti ya vibao ni ndogo, na kazi inaweza kuanza na vijito vya Iringa, alikozaliwa Mfugale.